Programu Huria: Namna ya Kujenga VLC kutoka Msimbo Chanzo, na Sababu ya Kujifunza Kazi Hiyo



Katika ofisi nyingi za parokia ipo kompyuta moja kuukuu inayofanya kila kazi: kuandika matangazo ya Dominika, kutunza orodha za Jumuiya, na kuwaonesha watoto wa mafundisho filamu za watakatifu. Kwenye kompyuta ya namna hiyo vijana wetu waliwahi kuniletea DVD yenye picha za mzee mmoja katekista, ambaye leo ni marehemu, akisimulia jinsi kigango chake kilivyoanza chini ya mwembe. Programu iliyokuwamo ndani ya kompyuta ilikataa kuifungua. Kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, akatafuta mtandaoni programu ya VLC, akabofya jibu la kwanza lililojitokeza, akapakua na kusakinisha.

Video ilicheza. Hata hivyo, tangu siku hiyo kompyuta ilianza kufungua yenyewe matangazo ya kamari na picha zisizofaa, na mojawapo ilijitokeza ukutani mbele ya watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Kosa halikuwa la VLC. Kijana alikuwa amechukua nakala iliyochezewa na watu wengine, iliyowekwa kwenye tovuti isiyo ya wenyewe. Tulilazimika kufuta kila kitu na kuanza upya, tukipoteza baadhi ya kumbukumbu ambazo hatukuwa na nakala zake.

Tukio hilo lilinifanya nijiulize swali rahisi: tunapofungua programu, tunajuaje kwamba ni ile tunayodhani? Makala haya yanajaribu kulijibu kwa kueleza VLC ni nini, imetoka wapi, na jinsi mtu wa kawaida mwenye uvumilivu anavyoweza kuijenga mwenyewe kutoka msimbo wake chanzo.

1. Historia kwa ufupi

VLC haikuanzia katika kampuni. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha uhandisi cha École Centrale Paris, nchini Ufaransa. Wanafunzi hao waliishi katika mabweni yaliyounganishwa kwa mtandao wa kompyuta uliokuwa wa polepole, nao walitamani mtandao wa kasi zaidi. Ili kupata wafadhili, walihitaji sababu nzito ya kuuboresha. Wazo lao lilikuwa kupokea matangazo ya televisheni ya setilaiti kwa dishi moja, kisha kuyasambaza kwa kila chumba kupitia mtandao, badala ya kila mwanafunzi kuwa na dishi lake.

Kwa kazi hiyo walihitaji programu mbili: moja ya kutuma picha na nyingine ya kuzipokea. Ile ya kupokea ndiyo iliyokua ikawa VLC ya leo, na mradi wote unaitwa VideoLAN. Alama ya koni ya barabarani, yenye rangi ya chungwa na nyeupe, inatokana na koni ambazo wanafunzi hao walikuwa wamezikusanya chuoni.

Tarehe 1 Februari 2001 ilileta badiliko kubwa. Uongozi wa chuo ulikubali msimbo wote utolewe hadharani chini ya leseni ya GPL. Tangu hapo watu wa mataifa mbalimbali wameendelea kuujenga, na tangu mwaka 2009 mradi unasimamiwa na chama kisicho cha kibiashara, chenye makao yake Ufaransa. Rais wake, Jean-Baptiste Kempf, amesema hadharani kwamba alikataa mamilioni ya euro aliyoahidiwa ili aingize matangazo ndani ya programu hiyo. Kwa hiyo, mtu akiona VLC inayomwonesha matangazo, ajue mara moja kwamba aliyonayo si VLC ya wenyewe.

2. Huru si sawa na bure

Lugha yetu imetujalia jambo ambalo Kiingereza hakina. Waingereza wana neno moja kwa maana ya kitu kisicho na bei na kitu kisichofungwa, na wataalamu wao hulazimika kila mara kufafanua wanakusudia lipi. Sisi tuna bure na tuna huru. Programu nyingi za simu zetu ni za bure, lakini si huru: hatulipi chochote, na wala hatuwezi kujua zinafanya nini gizani.

Programu huria ni ile inayompa mtumiaji ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza jinsi inavyofanya kazi, kuigawa kwa wengine, na kuirekebisha na kuyatoa marekebisho yake. Mawazo haya yalipewa umbo na Mmarekani Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983. Leseni ya GPL inaongeza sharti moja: anayeigawa programu hiyo, hata akiwa ameibadilisha, hana budi kumpa mpokeaji msimbo chanzo pamoja na ruhusa zile zile. Aliyepokea kwa uhuru asimfungie mwenzake.

Msimbo chanzo basi ni nini? Ni maandishi yaliyoandikwa na binadamu kwa lugha ya kompyuta ambayo binadamu mwenzake anaweza kuyasoma. Kompyuta yenyewe haiyaelewi. Inahitaji tarakimu za lugha ya mashine. Programu inayofanya ugeuzaji huo huitwa kompaila. Kujenga programu kutoka msimbo chanzo ni kuyachukua maandishi hayo, kuyapitisha kwenye kompaila, na kupata programu inayotembea. Anayenunua chapati hotelini hula alichopewa. Anayeikanda mwenyewe anajua alichoweka ndani, na akitaka kupunguza chumvi anaweza.

3. Ndani ya VLC kuna nini

Kabla ya kujenga, inafaa kuelewa tunachojenga. Faili la video si kitu kimoja. Ni kama sanduku ambalo ndani yake zimepangwa barua za aina mbili au tatu: barua za picha, barua za sauti, na pengine barua za maandishi ya chini ya picha. Majina tunayoyaona mwishoni mwa faili, kama MP4, MKV au AVI, ni majina ya masanduku. Barua zenyewe zimeandikwa kwa lugha mbalimbali za ufupisho, nazo huitwa kodeki: picha aghalabu kwa H.264 au MPEG-2, sauti kwa AAC, MP3 au AC-3. Ndiyo maana mafaili mawili yenye jina la MP4 yanaweza kutofautiana, moja likacheza na jingine likagoma.

VLC imejengwa kwa kufuata mpangilio huo. Katikati kuna kiini kidogo, na kukizunguka kuna moduli mamia, kila moja ikiwa na kazi yake. Moja husoma data kutoka diski au mtandao. Ya pili hufungua sanduku na kutenganisha barua. Ya tatu hutafsiri picha. Ya nne hutafsiri sauti. Nyingine hupeleka matokeo kwenye kioo na kwenye spika. Ukifungua folda la msimbo wake utauona mgawanyo huo waziwazi: kiini kimo katika folda liitwalo src, na moduli zimo katika modules, zikiwa zimepangwa kwa kazi zake. Sehemu kubwa imeandikwa kwa lugha ya C.

Aidha, VLC haifanyi kila kitu peke yake. Hutegemea maktaba za programu zilizotengenezwa na miradi mingine ya huria. Muhimu kuliko zote ni libavcodec ya mradi wa FFmpeg, ulioanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, ambayo inafahamu kodeki nyingi mno. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu ndilo linalowasumbua wengi wanapojenga.

4. Hatua za kujenga

Maelezo yafuatayo ni ya kompyuta inayotumia Linux ya jamii ya Debian au Ubuntu. Nimetumia toleo la 3.0.21, lililotoka mwaka 2024. Msomaji achukue toleo jipya lililopo siku anayofanya kazi, na abadilishe namba katika amri.

Hatua ya kwanza ni kupata msimbo kwa wenyewe, yaani kwenye tovuti ya videolan.org, kwa kuandika anwani hiyo kwa mkono badala ya kubofya jibu la kwanza la utafutaji. Pamoja na faili la msimbo, wenyewe hutoa alama ya uhakiki yenye herufi na tarakimu 64. Fungua dirisha la amri na uandike:

sha256sum vlc-3.0.21.tar.xz

Kompyuta itakokotoa alama ya faili ulilolipakua. Ilinganishe na ile iliyo kwenye tovuti. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili limeharibika njiani au limebadilishwa, lifute. Hatua hii huchukua dakika moja tu, na ndiyo ambayo ingetuokoa siku ile, kwa kuwa hata programu zilizokwisha kujengwa hutolewa na wenyewe pamoja na alama kama hii.

Hatua ya pili ni kulifungua faili na kuingia ndani ya folda lake:

tar xf vlc-3.0.21.tar.xz
cd vlc-3.0.21

Hatua ya tatu ni kukusanya vifaa, yaani kompaila na maktaba tulizozitaja:

sudo apt install build-essential
sudo apt build-dep vlc

Amri ya pili ni msaada mkubwa, kwa maana husakinisha kwa mkupuo maktaba zote ambazo VLC inazihitaji ili ijengwe. Itafanya kazi endapo katika mipangilio ya mfumo umeruhusu vyanzo vya msimbo. Ikilalamika, anza kurekebisha hapo.

Hatua ya nne ni ukaguzi:

./configure

Hapa kompyuta hujikagua na kujiuliza: kompaila ipo? Maktaba hii ipo? Ile je? Mistari mingi itapita. Ikikosekana maktaba ya lazima, kazi husimama na ujumbe hueleza kilichokosekana.

Hatua ya tano ni ujenzi wenyewe:

make

Acha kompyuta ifanye kazi. Kwenye mashine mpya ni suala la dakika. Kwenye ile kuukuu ya ofisini kwetu ilichukua zaidi ya saa moja. Ikiisha bila kosa, hatua ya sita ni kuiwasha papo hapo, ndani ya folda ilimojengwa, bila kuisakinisha:

./vlc

Ni busara kuijaribu hivi kwanza. Ukiridhika, waweza kuisakinisha kwa amri ya sudo make install, ikifuatwa na sudo ldconfig ili mfumo uzitambue maktaba mpya. Itakaa katika eneo la /usr/local, bila kufuta VLC nyingine iliyosakinishwa na mfumo. Angalizo moja: usijaribu kuiwasha VLC ukiwa umeingia kama msimamizi mkuu wa mfumo. Itakataa, na inakataa kwa kukulinda, kwa kuwa programu inayofungua mafaili kutoka kila mahali haipaswi kupewa funguo za nyumba nzima.

5. Kosa langu la kwanza

Mara ya kwanza nilipojaribu, sikuijua ile amri ya kukusanya maktaba zote. Nilianza moja kwa moja na ukaguzi, ukasimama: maktaba fulani haipo. Ujumbe wenyewe ulinipa njia mbili: itafute, au uizime kwa kuandika neno la kuizima. Kwa haraka nikazima. Ukasimama tena kwa maktaba nyingine, nikazima tena. Nilizima libavcodec, nikazima na maktaba ya sauti za AC-3, na mwishowe ukaguzi ukapita. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Programu ilijengeka, ikafunguka. Nikaweka ile DVD ya mzee katekista. Uso wake ukatokea kwenye kioo, midomo ikaanza kutembea, mkono ukanyanyuka kuelekeza mwembe. Sauti haikusikika. Maktaba ya kusoma picha za MPEG-2 ilikuwapo, lakini zile mbili ambazo zingeweza kusoma sauti yake nilikuwa nimezizima mwenyewe.

Kilichonisaidia ni kuiwasha programu kwa namna ya kuifanya iseme inachofanya. Ukiongeza -vv baada ya amri ya kuiwasha, dirisha la amri hujaa taarifa za kila moduli. Miongoni mwa mistari hiyo mmoja ulisema wazi kwamba hakuna moduli ya kutafsiri sauti ya aina ya A52, ambalo ni jina jingine la AC-3. Nikarudi nyuma, nikasakinisha maktaba nilizozikimbia, nikajenga upya. Usiku ule nilimsikia mzee kwa mara ya kwanza, akitaja kwa majina familia saba zilizosali chini ya mwembe ule.

Fundisho ni hili: ujumbe wa kosa usomwe mpaka mwisho, na kabla ya kuzima kitu tujiulize kinafanya kazi gani. Zaidi ya hayo, zipo maktaba zisizo za lazima ambazo zikikosekana ukaguzi hauzipigii kelele. Programu itajengwa bila uwezo huo, nawe utagundua siku ya kuuhitaji. Kwa hiyo, baada ya kujenga, jaribu mafaili ya aina mbalimbali: yenye maandishi ya chini, ya zamani na mapya, ya sauti pekee.

6. Je, kujenga mwenyewe ni kinga kamili?

Ukweli unatudai tuseme hapana. Aliyejenga VLC hajasoma mistari yote ya msimbo wake, wala ya maktaba zake. Anawaamini waliousoma.

Mwaka 2024 ulitupatia mfano wa kutisha. Faili letu la msimbo linaishia na herufi xz, maana limefinywa kwa njia inayotumiwa na maktaba za mradi wa XZ Utils, zilizoenea karibu katika kila Linux. Mradi huo ulikuwa ukitunzwa na watu wachache mno. Mtu mmoja aliyetumia jina ambalo mwenye nalo hajulikani hadi leo alijitolea kusaidia, akafanya kazi nzuri kwa miaka zaidi ya miwili, akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Tena kwa hila: sehemu iliyouwasha mlango huo haikuwamo katika hazina ya msimbo ambayo wote huiangalia, iliwekwa ndani ya mafaili ya toleo ambayo watu huyapakua ili kujenga.

Aliyeligundua ni mhandisi Andres Freund. Aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya mbali kulichelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Badala ya kupuuza, alifuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu, kabla matoleo hayo hayajafika katika mifumo mingi inayotegemewa.

Tukio hilo lina pande mbili, na zote mbili ni za kweli. Uwazi haukumzuia mdanganyifu kuingia. Lakini bila uwazi Freund angeona ucheleweshaji na asingeweza kufika kwenye chanzo chake, kwani asingekuwa na msimbo wa kuufuatilia. Kitu kilicho wazi kinaweza kukaguliwa, hakijikagui chenyewe. Anahitajika mtu anayejua kufungua na kutazama, na watu wa namna hiyo ni wachache kuliko sisi tunaofaidika na kazi yao.

7. Hitimisho

Simwambii kila muumini aijenge VLC kwa mikono yake. Kwa matumizi ya kila siku, anayetumia Linux aisakinishe kutoka hazina ya mfumo wake kwa amri ya sudo apt install vlc, na anayetumia mifumo mingine aipakue kwa wenyewe na kuihakiki. Hilo linatosha kabisa.

Ninachopendekeza ni kwamba katika kila parokia wawepo walau vijana wawili waliowahi kupita katika hatua hizi. Kompyuta kuukuu inafaa kuliko mpya kwa mafunzo hayo, na gharama yake ni umeme, vifurushi vya intaneti na jioni chache za Jumamosi. Aliyewahi kuona programu ikijengwa mstari kwa mstari hatabofya tena jibu la kwanza bila kutazama anwani. Ataelewa kwa nini video fulani haina sauti, na hatadanganywa na tovuti inayomuuzia kodeki ambayo tayari ni huru. Pengine siku moja ataona kasoro ndogo, ataiandikia taarifa nzuri, au atairekebisha yeye mwenyewe na kuwapelekea wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, na VLC imejazwa hivyo kwa zaidi ya miaka 20.

Kwa sasa, ombi langu kwa viongozi wa vigango ni dogo. Zile DVD na kanda za wazee wetu zilizolala makabatini zitafutwe, zinakiliwe katika sehemu mbili tofauti, na zijaribiwe mapema kama zinafunguka. Diski huchakaa, na waliorekodiwa wengi wao hawapo tena kutusimulia upya.